Mvinyo Hauwi Mkavu: Maneno ya Kuonja Tuliyoyaacha Jikoni

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wastaafu wanne hukutana kuonja mvinyo. Mwezi mmoja hukutana kwangu, Korogwe. Mwezi ufuatao Handeni, kwa mwalimu mwenzangu aliyefundisha Kemia. Tangu barabara ya Korogwe hadi Handeni ilipowekwa lami, zile kilomita 65 zimekuwa safari fupi, lakini mgeni hulala kwa mwenyeji, kwa kuwa hatuonji tukaingia barabarani. Wa tatu wetu ni bwana shamba mstaafu. Wa nne ni muuguzi mstaafu ambaye daktari amemwonya juu ya sukari. Yeye huonja, akatema, akasema neno lake, na mara nyingi neno lake huwa na haki kuliko yetu sisi tuliomeza.

Sheria zetu ni chache. Chupa ni mbili tu, moja nyekundu na moja nyeupe, na kila mmoja hununua kwa zamu yake. Chupa isizidi shilingi 15,000, maana pensheni ya mwalimu ina mipaka yake na wajukuu wana madaftari yao. Zabibu ziwe za Dodoma. Bilauri isijazwe. Na sheria ya mwisho, ambayo ndiyo iliyozaa makala haya: ladha isemwe kwa Kiswahili, na atakayetumia neno la Kiingereza atanunua chupa ya mwezi ujao nje ya zamu yake.

Mtindo huu wa kununua kwa zamu si mgeni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wahenga waliuita kikoa. Wanaoujua Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, wanakumbuka kwamba ni katika kikoa cha makoma ndipo maadui wa Liyongo walipokusudia kumpiga mishale zamu yake ya kupanda mti itakapofika. Kikoa chetu ni cha amani zaidi. Wengine huita kula bia, yaani kula kwa kuchangiana, na ndilo neno lililozaa ubia. Mwalimu wa Kemia hupenda kutukumbusha kwamba twala bia pasipo kunywa bia.

Nilidhani ile sheria ya lugha ingeniumiza mimi kidogo kuliko wenzangu. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesahihisha insha ambazo zikipangwa juu ya nyingine zingefika darini. Jioni ya kwanza nikachukua kizibuo, nikazibua chupa nyekundu, nikamimina kidogo katika bilauri nne, nikaonja, nikafumba macho kama nilivyoona watu wakifanya. Wenzangu wakangoja. Nikasema, "Mtamu." Muuguzi akatema na kusema, "Si mtamu hata kidogo, Mwalimu. Huu hauna sukari." Nikasema basi ni mkali. Bwana shamba akauliza, mkali kama ndimu, kama pilipili, au kama gongo? Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba kinywani mwangu palikuwa na jambo, na jina lake sikulipata. Nikatamka neno la Kiingereza, nikanunua chupa ya mwezi uliofuata. Mwezi huo nao nikaanguka tena.

Jambo hili lingebaki kuwa mzaha wa wazee kama nisingepigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani.

Kijana huyo, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, alihamia Dodoma na kulima zabibu. Wasomaji wengi wanajua kwamba mkoa huo ndio kitovu cha zabibu nchini. Inasimuliwa kwamba wamisionari Wakatoliki ndio waliozipanda pale Bihawana, nje ya mji, kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye serikali ikaanzisha kampuni ya mvinyo, DOWICO, iliyokuja kufa. Wakaja wenye viwanda binafsi, na kule Makutupora kukawa na kituo cha utafiti ambacho jina la mahali pake limekuwa pia jina la aina ya zabibu nyekundu. Nchi ile ni kavu, ina msimu mmoja wa mvua, na mzabibu ukipogolewa na kunyweshwa vizuri huzaa mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Ulaya huvuna mara moja. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma ana nafasi mbili za kupata fedha kila mwaka, na nafasi mbili za kuvunjika moyo.

Mwanafunzi wangu alivunjika moyo kwa namna hii. Mnunuzi mmoja alifika shambani, akachuma zabibu kutoka vichala vitatu vinne, akatafuna, akavunja mbegu kwa meno, akatikisa kichwa. Akasema neno moja la Kiingereza, akaandika bei ya chini, akaondoka. Kijana hakulijua neno lile. Aliona haya kuuliza mbele ya vibarua wake. Jioni akajadiliana na mkewe: labda ni ugonjwa, labda ni mbolea, labda maji yalizidi. Walikuwa wakikaribia kununua dawa ya kupulizia kwa fedha ambayo hawakuwa nayo. Ndipo akanipigia. "Shikamoo Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha lugha. Neno hili maana yake nini?"

Ndugu msomaji, sikujua. Maana yake ya kamusi ya Kiingereza niliipata upesi, lakini ilinipa maelezo ya mistari mitatu, nami nilitaka neno moja ambalo mkulima akilisikia atajua la kufanya. Nikamwomba anipe siku moja.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa jirani yangu, Maalim, mtunzi wa mashairi na mwalimu wa madrasa, ambaye umri wake unaelekea miaka tisini na ambaye hajagusa kileo maisha yake yote. Sikwenda na chupa, wala nisingethubutu. Nilikwenda na kapu: zambarau, ndizi mbichi, embe bichi, ndimu mbili. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akatazama kapu akacheka. "Umekuja kunitembelea, Mwalimu, au kunifanyia mtihani?"

Nikamweleza. Alichukua kipande cha ndimu, akaonja, akakaa kimya. Akachukua ndizi mbichi, akatafuna kidogo, akaitema kando. Kisha akasema hivi, nami niliandika papo hapo ili nisije nikamsingizia: "Ndimu hukamata meno, yakafa ganzi. Ndizi mbichi haina haja na meno. Hukamata ulimi na mashavu kwa ndani, pakaparuza kama jamvi, na mate yakakauka. Huo ni ukakasi. Mtu akikwambia vyote viwili ni ukali, huyo hajatafuna."

Ukakasi! Neno nililolijua tangu utotoni, tulipokuwa tukipanda mizambarau tukashuka na ndimi za rangi ya wino, tukashindwa hata kupiga mluzi. Limo kamusini. Halikuzaliwa katika kikao chochote cha istilahi, na halihitaji kusanifiwa. Lilikuwa limekaa jikoni likingoja kuitwa, nami, mwalimu wa Kiswahili, nililipita nikenda kuazima kwa jirani.

Nilimpigia kijana. Nilimwambia, "Mnunuzi wako amesema zabibu zako zina ukakasi." Palikuwa na kimya kifupi, kisha akasema, "Aa! Basi niliwahi kuvuna." Hakuuliza swali jingine. Kila aliyewahi kula ndizi mbichi anajua kwamba dawa ya ukakasi ni subira. Mbegu za zabibu zikiwa bado za kijani hutoa ukakasi huo. Zikigeuka rangi ya kahawia, hupungua. Alikuwa amechuma mapema kwa kuwaogopa ndege na kwa kuhitaji ada ya shule. Msimu uliofuata alingoja. Sisemi kwamba alitajirika. Nasema kwamba neno moja la mamaye lilimwambia jambo ambalo neno la kigeni lilimficha, na kwamba kulikosa neno hilo kulimgharimu bei ya msimu mzima.

Ndiyo maana siandiki juu ya starehe ya wazee. Naandika kwa sababu naamini kwamba lugha ya kuonja ni lugha ya haki. Asiye na maneno ya kupima mali yake hupimiwa na mwingine, na bei huandikwa na mwenye maneno.

Sasa nirudi mezani kwetu, kwenye neno ambalo limetusumbua kuliko yote. Chupa nyingi tulizozinunua, ingawa zabibu ni za Dodoma na mnywaji ni wa Korogwe, zimeandikwa Kiingereza mbele na nyuma. Muuza duka akitaka kutusaidia hutafsiri: "Mzee, huu ni mtamu, na huu ni mkavu." Mkavu! Nimelisikia neno hilo madukani, nimelisikia hotelini, na nimeliona limeandikwa. Naomba tulitazame kwa makini.

Kitu kikavu kwa Kiswahili ni kile kilichotokwa na maji. Nguo iliyoanikwa ni kavu, mto wa kiangazi ni mkavu, kuni ni kavu. Kwa mafumbo, asiye na haya huitwa mkavu wa macho, kwa kuwa macho yake hayatoi chozi. Kinywaji chawezaje kuwa kikavu nacho kinamiminika? Mwalimu wa Kemia alinipinga kwa hoja nzuri: mbona twasema chai kavu? Kweli twasema, na hapo ndipo ushahidi unapomgeukia. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa. Ugali mkavu ni ugali usio na mboga. Basi mvinyo mkavu, kwa mwenye lugha hii, ni mvinyo ulioletwa mezani bila nyama ya kuchoma. Muuguzi alicheka mpaka akasahau kutema.

Aliyeleta neno hilo hakukosea kwa ubaya. Alichukua neno la Kiingereza, akatafuta mwenzake kamusini, akalipachika. Lakini hakuuliza jambo lenyewe ni lipi. Jambo lenyewe ni rahisi. Maji ya zabibu yana sukari, na hamira huila sukari hiyo ikaigeuza kileo. Hamira ikiila yote, mvinyo hubaki bila utamu. Ikizuiwa njiani, au sukari ikiongezwa baadaye, mvinyo huwa mtamu. Hapo hakuna kilichokauka. Kuna sukari iliyokwisha.

Watu wa Pwani waliijua tofauti hiyo kabla ya chupa ya kwanza ya Dodoma kuzibuliwa. Mgema akishusha tembo la mnazi asubuhi, huwa tembo tamu, na likikaa hata jioni huchacha likawa tembo kali. Jambo ni lile lile: sukari imeliwa. Huku kwetu nako wazee waliotengeneza dengelua kwa miwa walijua siku ya utamu na siku ya ukali. Kwa hiyo bwana shamba alipendekeza tuseme mvinyo mtamu na mvinyo mkali, tufuate nyayo za mgema. Pendekezo hili lina nasaba nzuri kuliko yote, nami nilikaribia kulikubali. Lililonizuia ni kwamba siku hizi pombe kali ni jina la vinywaji vya moto, konyagi na jamaa zake. Mnunuzi akiambiwa mvinyo mkali atadhani ni wa kulewesha upesi, na huko ndiko tusikotaka kwenda.

Mimi kwa sasa nasema mvinyo usio sukari, kama tusemavyo chai isiyo sukari, na kila muuza duka hunielewa mara moja. Kwa ule ulio katikati nasema sukari haijakolea. Hili kukolea ni neno la thamani: sukari hukolea katika chai, chumvi katika mchuzi, rangi katika nguo. Nakiri kwamba "usio sukari" ni kirai na si neno, na kwamba kirai huchosha ulimi. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Maneno mengine hayakutupa taabu mara tulipokwisha kujua mahali pa kuyatafuta. Mvinyo wenye kujaa kinywani tunauita mzito, na usiojaa mwepesi, kama uji. Usio na ladha ya kushika tunauita chapwa, neno ambalo mama zetu walilitumia kwa mchuzi uliokosa chumvi. Wengine husema dufu. Uchachu wa mvinyo mweupe tunaupima kwa matunda: kuna ugwadu wa embe bichi, kuna uchachu wa ukwaju, kuna uchachu wa chungwa, na wakazi wa Michungwani na Muheza hawahitaji kufundishwa kwamba hata machungwa hayalingani. Harufu nzuri tunaiita riha, tukimshukuru Maalim aliyetukumbusha. Harufu mbaya, Kiswahili kimetujalia ghala zima: uvundo, shombo, vumba, ukungu, kila moja na asili yake. Na chupa iliyoachwa wazi siku nyingi huwa siki, tukaitia kwenye kachumbari.

Tofauti ya nyekundu na nyeupe nayo ilitufunza. Mvinyo mweupe si mweupe; katika bilauri una rangi ya majani makavu, au ya samli iliyoyeyuka. Nimelisamehe jina hilo kwa sababu limekwisha kuzoeleka na halimdanganyi mtu. Lakini kisa cha rangi ni kile kile cha ukakasi. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu, na humo ndimo rangi na ukakasi vitokamo. Mweupe hukamuliwa, maganda yakaondolewa mapema. Ndiyo maana mweupe hukutia ganzi ya meno, na mwekundu hukukwaruza ulimi. Watafsiri wa Biblia walilitambua jambo hilo: ile methali ya manabii Yeremia na Ezekieli, ya wazazi waliokula zabibu zisizoiva na watoto wakaumia meno, waliitafsiri kwa neno ganzi. Walichagua sawasawa.

Chupa iliyotupendeza kuliko zote mwaka huu ilikuwa nyeupe, ya zabibu za Chenin Blanc. Mwenzangu wa Handeni aliipoza katika mtungi wa maji uliokuwa kivulini, kwa kuwa umeme ulikatika na jokofu likawa kabati. Ilikuwa na ugwadu wa pera lisiloiva sawasawa, na nyuma yake, baada ya kumeza, riha ya asali iliyokawia kuondoka. Muuguzi alisema, "Huu unajua kuaga." Tangu siku hiyo tunapima mvinyo kwa kuaga kwake: kuna unaoaga polepole kama mgeni mwenye adabu, na kuna unaotoweka mlangoni.

Nimepata wapinzani, nao wanastahili jibu.

Wa kwanza husema mvinyo ni kitu cha wageni, tuwaachie wageni na maneno yao. Nawajibu kwamba jina lenyewe, mvinyo, tulilipata kwa Wareno. Zabibu tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao ni zabibu zilizokaushwa, sisi tukalipa tunda bichi pia. Kukopa si aibu. Kiswahili kimekopa na kimelipa kwa riba. Aibu ni kukopa kitu ulicho nacho ndani. Tena kinachopandwa na kuvunwa na Mgogo katika ardhi ya Dodoma mara mbili kwa mwaka hakiwezi kuitwa cha wageni. Sheria ya ushuru yenyewe hutofautisha mvinyo wa zabibu za ndani na ule wa zabibu za nje. Mtoza ushuru amekwisha kuitambua zabibu ya nyumbani. Aliyebaki nyuma ni mwenye lugha.

Wa pili hunikumbusha dini, na kwao nasimama kwa heshima. Simwiti kunywa mtu ambaye imani yake au afya yake imemkataza, na ulevi nimeuona ukivunja nyumba za walimu wenzangu, siupambi. Lakini kumbukeni ni nani aliyenipa neno. Aliyejua kutofautisha ganzi na ukakasi ni Maalim ambaye hajaonja tone, kwa sababu ladha amejifunza kwa ndizi na ndimu, wala hakuihitaji chupa. Na mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Tanga, Shaaban Robert, Mwislamu wa Machui, alizitia kwa Kiswahili ruba'i za Omar Khayyam, zilizojaa mvinyo tangu mwanzo hadi mwisho, akazichapisha mwaka 1952 kwa jina la Omar Khayyam kwa Kiswahili. Hakufanya hivyo ili tulewe. Alionyesha kwamba hakuna bustani ambayo lugha yetu haiwezi kuingia na kutoka na heshima zake.

Wa tatu ni mimi mwenyewe. Najiuliza: kwa nini nilikosa neno mbele ya bilauri? Jibu linauma. Kwa miaka thelathini nilifundisha insha kwa tashibiha za makopo. Tamu kama asali. Chungu kama shubiri. Mweupe kama pamba. Mwanafunzi aliyeziweka nilimpa alama, naye aliyeandika kwamba embe la jirani lilikuwa na ugwadu ulionyong'onyeza taya, huenda nilimpigia mstari mwekundu nikaandika "fafanua". Nilifundisha watoto kusifu bila kuonja. Mwanafunzi wangu wa Dodoma alipata alama nzuri katika insha zangu, na siku alipolihitaji neno la kulinda bei ya zabibu zake, nilichompa shuleni kilikuwa asali na shubiri.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku zote nimeifundisha methali hii kama onyo kwa mgema. Uzeeni nimeona kwamba ni onyo kwa mnywaji pia. Mgema hulitia maji kwa sababu wanaomsifu hawajui kutofautisha. Sifa yao ni moja tu, "tamu sana", na tembo likitiwa maji bado watasema "tamu sana". Mnywaji mwenye maneno manne ya ladha ni mlinzi wa tembo. Na ninyi wapenzi wa lugha, kila Julai 7 tunakisifu Kiswahili kwa ngoma na hotuba. Ni haki yake. Lakini tukikisifu kwa maneno yale yale ya mwaka jana huku tukiyaacha ukakasi na chapwa na ugwadu yafe, sisi ndio mgema, na maji tunayatia wenyewe.

Basi naomba mambo matatu. Wenye viwanda vya mvinyo waandike nyuma ya chupa mistari miwili mitatu ya Kiswahili: sukari imekolea au haipo, ukakasi ni mwingi au mchache, mzito au mwepesi. Karatasi ni ile ile na wino ni ule ule. Wanunuzi wa zabibu wamwambie mkulima kasoro ya mali yake kwa lugha aliyonyonya, ili ajue la kurekebisha. Na walimu walioko darasani sasa, waliochukua viti vyetu, wapeleke kapu la matunda siku moja katika kipindi cha insha, wapige marufuku asali na shubiri kwa dakika arobaini, wawaache watoto watafune na kuandika. Wataletewa maneno kutoka vilugani na majikoni ambayo sisi wenye kamusi hatujayasikia.

Nilisema nitarudi kwenye ule mvinyo usio sukari. Bado natafuta neno moja la kuuita, na nina hakika lipo. Labda kwa wagema wa Pangani, labda kwa bibi mmoja wa Kizigua aliyepika dengelua akajua siku sukari ilipokwisha. Wenzangu watatu wameniwekea sharti: nikilipata kabla ya Jumamosi ya kwanza ijayo, zamu yangu ya kununua watailipa wao. Kwa hiyo nawaachia wajuzi wa ukurasa huu beti moja, na atakayejibu kwa vina na mizani nitampelekea Maalim jibu lake alipime.

Nimeonja ulimini, ladha yake nimejua,
Jina lake mdomoni, sijapata kulitoa,
Ni la shamba au pwani, wajuzi nalingojea,
Tuliseme hadharani, "kavu" lipate potea.